Mahali, si Mahari

Nimechoka kusema, sasa naambiwa niandike. Vijana wawili wa ofisi ya ustawi wa jamii walikuja hapa dukani kwangu Nyakabanda, wakakaa kwenye viti vya wateja, wakatoa karatasi yenye visanduku. Wanataka sababu. Kwa nini wasichana waliofungwa hawapigani ngumi kama wavulana, bali wanaumizana kwa maneno, kwa kununiana, kwa kumtenga mmoja? "Mama Swafiya, wewe ulifundisha kule miaka tisa, utakuwa unajua. Weka alama: umaskini, malezi, wivu, kukosa shule." Nikawaambia kalamu yangu haiingii kwenye kisanduku. Niachieni daftari, nitaandika ninalolijua kwa mwandiko wangu, na mtausoma hata kama unapanda kilima na kushuka. Msichana mmoja ndiye ninayemjua. Hao wa kwenye karatasi yenu siwajui.

Mimi ni fundi cherehani. Babu yangu mzaa baba alikuja na wafanyabiashara wa pwani akiuza kaniki na chumvi, akaoa huku milimani, akasahau kurudi. Alituachia dini na Kiswahili. Cherehani nilinunua mwenyewe. Kwetu mtoto akisema "kurara" badala ya "kulala", alipelekwa kulala kweli, bila chakula. Kigali nzima inachanganya hizo herufi mbili, kwa kuwa Kinyarwanda hakizitenganishi, na sokoni hakuna anayejali. Mimi nilijali. Wateja wangu walikuwa wakisahihishwa huku wanapimwa kiuno.

Mwaka wa sabini na nne nikapewa kazi ya kufundisha ushonaji kwenye nyumba walikofungiwa wasichana. Jina lake silitaji, siku hizi si nyumba ya kazi hiyo tena. Jumanne na Alhamisi nilishuka kilima na begi langu la vitambaa. Wasichana walikuwa kama thelathini, wa miaka kumi na minne hadi kumi na tisa. Wengine walikamatwa mjini bila karatasi ya kukaa mjini. Wengine walikuwa yaya ambao mabibi waliowaajiri walisema wameiba. Mmoja aliiba nguo kwenye kamba, akakamatwa ameivaa. Tulishona sare za shule, shati na kaptula za kaki, tukimaliza hizi zinaletwa nyingine.

Ngumi zilikatazwa mle. Aliyepiga mwenzake alifungiwa chumba cha peke yake siku mbili, na karatasi yake ikaandikwa kosa. Kwa hiyo ngumi hawakuzitumia. Lakini nani atamfungia mtu kwa kutomsalimia mwenzake? Wakabuni mchezo wao wakauita ukuta. Msichana akiudhi, asubuhi mmoja anauliza, "Leo nani ukuta?" na jina linatajwa. Basi. Ukuta hausalimiwi. Ukuta hausukwi nywele. Walikula watano watano kwenye sahani moja; ukuta alikaa pembeni mpaka wanne wamalize. Ukuta akisema neno, wenzake wanajifunika shuka mabegani, "Mh, upepo umeingia." Nimeona msichana aliyevumilia fimbo za baba wa kambo miaka sita bila kulia, akalia siku ya tatu ya ukuta kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Aliyetaja jina kila asubuhi alikuwa Mukagasana. Alikuwa na miaka kumi na saba, na mitatu kati ya hiyo aliipitisha mle ndani. Alichoma jiko la shangazi yake; si shangazi wa kwanza, wa tatu, maana alikuwa akitumwa kutoka kwa shangazi mmoja hadi mwingine kama sufuria ya kuazima. Walinzi walimfanya kapita, yaani kiranja, wa wasichana: yeye ndiye aliyepokea vikapu vya chakula mlangoni siku ya Jumamosi, ndugu walipokuja. Alipokea vikapu vya wenzake miaka mitatu. Cha kwake hakikuja hata kimoja. Na alijua kusuka. Vidole vyake ndivyo vilikuwa sheria ya ile nyumba. Asiyemtaka alitembea na kichwa kama kiota cha kunguru.

Sasa huyo msichana wangu. Nyirarukundo, miaka kumi na sita, wa Kinyinya. Kinyinya wakati ule ilikuwa mashamba ya mtama na maharage, si nyumba hizi mnazoona zinajengwa. Alikuwa yaya mjini, bibi yake akasema herini zimepotea. Herini hazikupatikana, yaya akapatikana. Sikumuuliza kama aliiba. Nilimpa kitambaa nikaona tundu la kifungo alilolishona. Nimeshona miaka arobaini na mimi mwenyewe matundu yangu hayakai vile, uzi umelala kama nywele zilizochanwa. Nikasema moyoni, huyu simwachi hapa.

Hakimu alikuwa ametoa neno: akitokea mtu mwenye heshima wa kumpokea na kumpa kazi, na nyumba ikaandika kwamba hana kosa, atatoka mwisho wa mwezi wa nne. Mwaka ulikuwa sabini na nane, mvua ilikuwa kubwa. Nikaenda ofisini na viatu vya tope nikatia sahihi barua ya kumpokea. Kitanda kilikuwepo, cha Swafiya binti yangu aliyekuwa ameolewa, na cherehani ya pili ilikuwepo dukani. Mzee Sibomana, mlinzi wa mlangoni, ndiye aliyenipelekea ile barua kwa hakimu kwa miguu yake iliyovimba. Alikuwa na wajukuu tisa na sikio moja.

Jumanne ile nilipofika mlangoni nikamwambia, "Mzee Sibomana, yule wa Kinyinya mambo yake tayari. Mahali pamepatikana, ni kwangu."

Mzee akafurahi kama anatoka yeye. Akageukia uani, wasichana wote wamekaa chini wanachambua maharage, akapiga kofi moja kubwa.

"Nyirarukundo we! Furahi mwanangu! Mahari imepatikana!"

Maharage yaliacha kugonga sinia. Halafu Mukagasana, bila kuinua kichwa, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Ng'ombe wangapi, mzee?"

Mzee Sibomana hakusikia. Mtu akimwambia neno asilolisikia, kawaida yake ni kukubali. Akacheka, akasema, "Wote! Eeh, wote!"

Wakaanguka kwa kicheko, wengine wamelala juu ya maharage. Mimi nilipita katikati yao na begi langu, nikadhani wanamcheka mzee kwa masikio yake. Nikacheka na mimi. Hilo siwezi kulifuta.

Alhamisi nikaona mkasi haupiti. Darasani nilikuwa na mikasi mitatu, ikipita mkono kwa mkono kuzunguka meza. Ikifika kwa Nyirarukundo inamruka, kama hapo hapana mtu. Akikata uzi kwa meno, mmoja anasema, "Panya iko ndani ya ukuta." Nikamwita mlangoni.

"Una nini na wenzako?"

"Wanasema Mzee Sibomana amenitolea mahari, Mama Swafiya. Wanasema ndiyo maana natoka. Kwamba nilikuwa... na mzee, kule stoo ya makaa."

"Nani anasema hivyo?"

"Kwangu hakuna anayesema. Mimi ni ukuta tangu juzi. Nasikia wakisemezana."

"Upuuzi! Mimi nilisema mahali. Ma-ha-li."

"Najua. Waambie basi kwa Kinyarwanda, mama. Neno moja tu. Waambie ni pa kukaa, si inkwano."

Inkwano ndiyo mahari kwao. Ningesema hivyo tu, pale mlangoni, sauti ikafika mezani, mambo yangeisha. Kinyarwanda nimezaliwa nacho, mama yangu mzazi alikuwa wa hapa hapa. Lakini darasani kwangu sheria ilikuwa Kiswahili, na mimi nimesema neno langu sawasawa, kwa nini nitafsiri kama mwenye kosa? Aliyekosea ni sikio lao. Nikarudi mezani nikagonga rula.

"Wekeni sindano chini. Nani anajua tofauti ya mahali na mahari?"

Sindano zikalala mezani.

"Mahali ni pa kukaa. Semeni. Mahali!"

"Mahari," wakasema.

"Ulimi juu, nyuma ya meno! Mahali!"

"Mahari!"

"Wewe wa mwisho, peke yako."

"Mahadi," akasema yule mtoto wa pembeni, na jasho limemtoka.

Niliwakalisha hivyo nusu saa, kama chuo cha Kurani, mmoja baada ya mwingine. Mukagasana alipofikiwa akanitazama usoni, akasema polepole, "Ma-ha-ri," na mimi nikamwambia, "Una ulimi wa mbao." Halafu nikafanya la kufanya mtu azidi kuchukiwa, nikasema, "Nyirarukundo, waonyeshe."

Akainama. Akasema kwa sauti ndogo, "Mahali."

"Mmesikia? Mwenzenu anaweza." Na nikamkabidhi yeye mikasi yote mitatu, awe anawagawia wenzake na kuikusanya.

Najiona leo nilivyosimama pale na rula yangu. Mtu akitaka kumzamisha msichana katikati ya wenzake, afanye kama mimi.

Alinisindikiza mpaka mlangoni siku hiyo. "Mama Swafiya, siku zilizobaki hazifiki thelathini."

"Basi nyamaza ushone. Ukimgusa mtu hata kwa kidole, barua imekufa, hakimu ndivyo alivyosema. Maneno hayachubui ngozi."

"Wakinisema mimi nitavumilia. Namwogopa mama. Mama akisikia kwamba nimetolewa mahari humu, na wao nyumbani hawajui..."

"Atasikia wapi? Kinyinya ni mbali."

Nyirahabimana, mama yake, alikuja Jumamosi moja kila mwezi, kwa miguu, na viazi vitamu kichwani. Nililijua hilo. Sikulifikiria.

Jumanne iliyofuata matundu yake ya vifungo yalikuwa yamefumuliwa. Si ya shati moja, ya mashati kumi na mawili, na mtu amefumua kwa uangalifu bila kuchana kitambaa, uzi umekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya meza yake kama zawadi. Nani? Wote wanashona, vichwa chini. Nyirarukundo akatia uzi kwenye sindano akaanza upya, shati la kwanza. Nywele zake hazikuwa zimesukwa wiki nzima, wenzake wote wamesukwa mistari mipya inayong'aa, hata yule wa "mahadi". Nikaona mabega yake yameshuka, kama ya mwanamke aliyezaa watoto sita. Nikasema, "Vizuri, mwanangu, vumilia." Ndiyo msaada niliompa. Nilikuwa na kazi ya harusi mbili dukani, na miguu yangu ilikuwa imeanza huu ugonjwa wake.

Jumamosi ya tarehe kumi na tano mama yake akaja.

Sikuwepo. Nilisimuliwa baadaye, na Mzee Sibomana na wasichana wawili, na wote walisimulia sawa. Nyirahabimana alifika mlangoni na kikapu, amelowa mvua, akamwamkia kapita kwa heshima kama mtu mzima. Mukagasana akapokea kikapu kwa mikono miwili, kama wanavyofundishwa watoto wa watu. Wakasemezana kwa Kinyarwanda, kwa hiyo hapo hakuna herufi ya kulaumu.

"Mama, umejisumbua na viazi katika tope hili," akasema, "wakati mkweo anamlisha mwenyewe."

"Mkwe wangu yupi, mwanangu?"

"Haa! Hawakuwaletea inkwano? Ilishatoka. Mwenyewe mlinzi alitangaza hapa uani, sote tulisikia. Muulize yeyote."

Mama akatazama wasichana waliokuwa nyuma ya kapita. Wakatazama chini. Kutazama chini nako ni jibu. Akatazama mlangoni, akamwona Mzee Sibomana kwenye kigoda chake, na mzee masikini akamwinulia kofia akatabasamu.

Nyirahabimana alivua kitambaa alichokiweka kichwani kubebea kikapu, akakikung'uta, akakifunga kiunoni, akaondoka. Hakuomba kumwona mtoto. Viazi walikula.

Mimi nikaingia Jumanne, tarehe kumi na nane, bila habari. Siku ya pasi. Makaa yalikuwa yamekolea, Nyirarukundo akipiga pasi kola za mashati mwisho wa meza, mimi natia uzi kwenye bobini, mgongo wangu kwao. Mukagasana akaingia na vifungo ndani ya kikapu. Akakitundika kwenye msumari ukutani, juu ya meza ya pasi, mbele ya macho ya Nyirarukundo.

"Hicho kikapu cha nani?" nikamsikia Nyirarukundo akiuliza.

Wakaendelea kushona.

"Ule ukingo amefuma mama yangu. Mama alikuja?"

"Upepo," mmoja akasema, lakini kwa sauti ndogo.

Ndipo Mukagasana akamsemesha. Siku kumi na nne hakuna aliyemsemesha yule mtoto, na neno la kwanza alilopewa ni hili: "Alikuja Jumamosi. Nilimpa hongera ya mkwe. Akaenda zake, hakutaka kukuona."

Nilisikia harufu kabla sijageuka. Pasi ilikuwa juu ya mkono wa Mukagasana, hapa chini ya kiwiko, na Nyirarukundo ameikandamiza kwa mikono miwili, hapigi kelele, hata usoni hana hasira, anaibonyeza kama kola. Mukagasana naye hakupiga kelele mwanzoni. Walikuwa wanatazamana. Mimi ndiye niliyepiga kelele.

Mkuu wa nyumba hakuwa mtu mbaya. Alinikalisha, akanipa maji, akasema, "Mama Swafiya, barua imekufa, unajua mwenyewe." Nyirarukundo akafungiwa chumba cha peke yake wiki mbili, na hakimu akamwongezea miezi sita. Nikauliza kama naweza kusema na wasichana. Akasema sema.

Nikasimama uani. Nikasema kwa Kinyarwanda, mara ya kwanza mle ndani: nilisema pa kukaa, sikusema inkwano, Mzee Sibomana hajamtolea mtu chochote, yule mtoto alikuwa anakuja kukaa kwangu, kulala kwenye kitanda cha binti yangu. Nilidhani watashangaa. Wakachezea vidole vya miguu. Yule wa "mahadi" akasema, "Tulijua."

"Mlijua tangu lini?"

"Tangu siku ya rula, Mama Swafiya."

Nikaenda kwa Mukagasana kwenye chumba cha wagonjwa. Amefungwa kitambaa chenye dawa ya njano, amekaa kitandani, na msichana mmoja amekaa chini kati ya magoti yake. Hata siku hiyo anasuka, kwa mkono mmoja na nusu. Akamwondoa kwa kumgusa bega.

"Wewe pia ulijua," nikamwambia.

"Mimi nilijua kabla ya wote. Mume wa shangazi wa pili alikuwa dereva, nyumbani kwake ilikuwa Kiswahili tu." Akasema neno lenyewe, safi, ulimi nyuma ya meno: "Mahali. Sina ulimi wa mbao."

"Sasa kwa nini, mwanangu?"

Akafikiri. Simwongezei maneno, alifikiri kweli, kama mtu aliyeulizwa hesabu. "Ile siku mzee alipiga kelele, wote walicheka. Walifurahi. Mtu akisema mwenzako ameuzwa kwa mzee wa sikio moja, unacheka, unalala vizuri. Lakini ukisema amepata pa kukaa..." Akakaza fundo la kitambaa chake. "Hapa sisi thelathini, Mama Swafiya. Wanaojua watakwenda wapi mlango ukifunguliwa, hawafiki kumi. Ningewaambia ni mahali, nani angelala?"

Akaniangalia, na ule uso wake wa kapita ukaondoka kidogo, nikaona alikuwa mtoto.

"Mimi natoka mwezi wa tisa," akasema. "Sasa ile nafasi iko wazi. Nashona vizuri, si kama yeye, lakini naweza. Umeninunia miaka mitatu lakini naweza. Unanipa?"

Mkono ule unanuka dawa, na mimi nina hasira ya yule mwingine, na ya kujichukia mwenyewe, na hiyo ndiyo ilikuwa kubwa, nikaitupa kwake.

"Sina mahali," nikamwambia. Nililitamka vizuri sana.

Akaitikia kwa kichwa. Akamwita yule msichana arudi asukwe.

Kesho yake nilikwenda Kinyinya. Sikutuma mtu. Nilipanda basi dogo mpaka lilipoishia, kisha kwa miguu katika tope, nikauliza nyumba kwa nyumba kwa Nyirahabimana mwenye binti mjini, na watu wakinitazama kitambaa changu cha Kiislamu wakidhani nimekuja kuuza nguo. Nilimkuta anapalilia. Hakuacha kupalilia. Nikamweleza kwa Kinyarwanda, yote, mpaka rula. Kumwambia mwanamke mwenzangu, mdogo kwangu, kwamba mtoto wake ameharibikiwa kwa sababu sikutaka kusema neno moja la lugha ya mama yangu, niliona afadhali nibebe lile shamba kichwani.

Alipofika mwisho wa tuta akanyoosha mgongo.

"Umekuja na maneno mengi," akasema. "Mtoto yuko wapi?"

"Chumba cha peke yake. Mpaka wiki mbili zitimie."

"Wanamruhusu kuonwa?"

"Nitawaomba."

Akaweka jembe. Akaingia ndani, akatoka na sufuria ya maharage iliyofunikwa jani la mgomba, na kitambaa cha kichwani. Njia nzima alitangulia yeye. Mlangoni Mzee Sibomana alisimama, akavua kofia, akalia, akijua tayari nini kilisemwa juu yake. Mama akampita. Akasimama mbele ya mlango wa kile chumba akaita jina la mwanawe kwa sauti ya shambani, sauti ya kumwita mtu kilima cha pili, na mle ndani nikasikia mtoto anaita, "Mama?" Nikaondoka hapo. Hayakuwa yangu.

Miezi sita ilipita, Nyirarukundo akatoka, akaja kwangu. Yuko hapa mpaka leo, mume amempata, watoto watatu, ndiye anayeshona matundu ya vifungo ya duka hili na watu wanatoka mpaka mtaa wa Gitega kuyaleta. Tunagombana kila siku. Yeye ndiye aliyewasikia wale vijana na visanduku vyao, na walipoondoka akaniuliza, bila kuacha kushona:

"Kwa mama yangu ulikwenda kwa miguu. Kwangu uliomba radhi. Kwa Mukagasana ulikwenda?"

"Alikuunguza roho yule, na wewe ukamuunguza mkono. Niende kufanya nini?"

"Nauliza tu. Ulikwenda?"

Sikwenda. Alitoka mwezi wa tisa kama alivyosema, na hakuna aliyekuja kumpokea. Nilimwona mara moja, mwaka wa themanini na tatu, soko la Gitega, mbele ya fungu la nyanya. Alikuwa anamsuka mtoto wa mtu huku anauza. Nilisimama mbele yake na kikapu changu. Akainua macho, akanipita kwa macho, akamwuliza mteja aliyekuwa nyuma yangu anataka nyanya ngapi. Nilisimama muda wa kuhesabika. Kisha nikaenda kununua nyanya kwingine.

Nimeandika yasiyotaka kuandikwa, na mkono unaniuma. Sasa nanyi mfanye kazi. Wewe unayesoma, uwe wa ofisini au wa mtaani, nenda sokoni Gitega uulize mwanamke anayesuka na kuuza, umri wake sasa karibu na thelathini, ana kovu la pasi mkono wa kushoto chini ya kiwiko, limekaa kama jani. Anaitwa Mukagasana. Asipokuwepo Gitega, uliza masoko mengine, miguu unayo. Mwambie Mama Swafiya wa Nyakabanda anamwita, cherehani ya tatu iko na haina mtu. Akikataa kuja, nitakwenda mimi, mradi nijue wapi. Na akijibu vibaya, uje uniambie vile vile alivyojibu, neno kwa neno. Usinipunguzie.